Jioni ya Ukraine na jazz ije Ikonge, obokano ifungue jukwaa

Kama umewahi kuingia supamaketi mwezi wa Disemba, iwe Kisii mjini au Nairobi, wimbo huu umeusikia hata kama hujui jina lake. Noti nne fupi zinajirudia kama mtu anayepiga hodi kwa haraka, kisha sauti zinapandana moja juu ya nyingine mpaka nywele za mkono zinasimama. Umo kwenye Home Alone, ile filamu ya 1990 ya mtoto aliyesahaulika nyumbani wakati wa Krismasi, ambayo runinga zetu huirudia kila mwaka bila haya. Wengi tulidhani ni wimbo wa Wamarekani.

Ni wa Ukraine. Uliandikwa na Mykola Leontovych na ukaimbwa na kwaya ya wanafunzi mjini Kyiv mnamo Disemba 1916, kwa jina Shchedryk. Maneno yake ya asili hayana kengele wala Krismasi. Yanamhusu mbayuwayu anayeingia bomani kwa mtu kumtangazia kwamba mwaka mpya utakuwa wa baraka. Mwaka 1922 kwaya ya Ukraine iliuimba katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York, na mwaka 1936 ukapewa maneno ya Kiingereza ambayo sasa yanauza biskuti duniani kote. Leontovych hakuyaona hayo. Aliuawa kwa risasi Januari 1921, nyumbani kwa babake, na wakala wa polisi wa siri wa Kisovieti.

Sasa jiulize: kabla ya kusoma aya hiyo, Ukraine uliijulia wapi? Tukisema ukweli, wengi wetu tuliijulia kwenye bei ya mkate mwaka 2022, maana sehemu kubwa ya ngano tunayoagiza ilikuwa ikitoka huko na Urusi. Waliofuatilia siasa walimsikia balozi wetu Martin Kimani akihutubia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa Februari mwaka huo, akifananisha mipaka ya Ukraine na mipaka tuliyoachiwa na wakoloni. Halafu yakaja mengine mabaya zaidi. Mwishoni mwa 2025 serikali yetu ilisema huenda Wakenya zaidi ya 200 wamejiunga na jeshi la Urusi, na baadhi ya waliorudi walieleza kwamba waliahidiwa kazi tofauti kabisa. Yaani kijana wa Kenya anaweza kufika Ukraine na bunduki mkononi kabla hajasikia hata wimbo mmoja wa watu anaotumwa kuwapiga risasi.

Hapo ndipo safu hii inapotaka kusema jambo ambalo kwa mara ya kwanza litasikika kama mzaha. Tunataka jioni ya utamaduni wa Ukraine na muziki wa jazz kwa vijana wanaopenda sanaa, na tunataka ifanyike Ikonge.

Naam, Ikonge. Nyamira Kaskazini, soko lililo kwenye barabara ya kutoka Chabera kwenda Chebilat, majani chai upande huu na migomba upande ule. Mmoja wetu kwenye dawati hili amelelewa huko, kwa hivyo usituambie hatujui tunachosema. Jioni za namna hii Nairobi zipo tele. Alliance Française wana zao, Goethe-Institut wana zao, balozi nazo hazikosi filamu, mvinyo na mpiga piano. Kijana wa Ikonge anazijua kupitia simu. Anaona video ya sekunde thelathini, anatia kopa, basi. Kwenda ni saa sita au saba barabarani kupitia Sotik, Bomet na Narok, na tamasha linaisha saa ambayo huna pa kulala. Ukimuuliza mwenzako "fom ni gani wikendi?" jibu huwa ni moja: mechi, au base, au kulala.

Kuna msomaji tayari amekunja uso. Jazz na Ikonge wapi na wapi? Hayo si mambo ya Westlands?

Pole pole. Neno "jazz" limekaa masikioni mwa wazee wetu kabla Westlands haijawa na hata baa moja ya maana. Dar es Salaam Jazz Band ilikuwepo tangu miaka ya 1930. Kongo kulikuwa na African Jazz na OK Jazz. Upande wa ziwa, D.O. Misiani alijenga Shirati Jazz, bendi iliyotembeza benga kote Nyanza. Na hapa kwetu Gusii, marehemu Christopher Monyoncho na kundi lake la Riakimai 91 Jazz aliimba Ekegusii kiasi kwamba mpaka leo Egesa FM ikigonga ngoma yake, kinyozi anasimamisha mashine. Bendi nyingi kati ya hizo hazikuwa na saksafoni wala hazikupiga kitu ambacho mtu wa New Orleans angekiita jazz. Zilichukua neno lililobeba maana ya mjini, ya kisasa, ya uhuru kidogo, zikalivalisha gitaa na lugha ya nyumbani.

Tena ng'ambo tu ya mpaka wetu na Kericho, pale Kapkatet, kuna kisa ambacho kila mpenda muziki wa eneo hili anafaa kukijua. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimbia kiumbe aliyeitwa Chemirocha, nusu mtu na nusu paa. Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki 1933, ambaye sahani zake za santuri zilifika vijijini huko. Watu walisikia sauti inayotoka kwenye boksi, wakatafuta mwili wake, wakaupata kwenye hadithi zao wenyewe. Hawakungoja mtu awape tiketi wala awaeleze jinsi ya kusikiliza. Kwa hivyo anayesema wakazi wa mashambani hawataelewa muziki wa kigeni, amechelewa kwa miaka zaidi ya 70.

Lakini hatukukusudia kukaa kwenye jazz pekee. Kisa chenyewe ni obokano.

Kama umekulia mjini, huenda hujawahi kuiona kwa macho. Ni kinubi cha Abagusii, kikubwa kuliko nyatiti ya Waluo, chenye nyuzi nane. Chini kuna bakuli pana la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe, juu mikono miwili ya mbao na mti wa kukingama unaoshika nyuzi. Mpigaji hukaa kitako, ala ikiwa imelala chini kando yake kama mnyama mkubwa aliyetulia, na akianza kupiga hupati mlio mwembamba unaoutarajia kwa kinubi. Unapata mngurumo. Wapo waliouita besi ya Afrika Mashariki, na ukiusikia ukiwa umekaa sakafuni utajua kwa nini. Unaingilia kwenye mbavu kwanza ndipo ufike masikioni. Mpigaji huimba sifa za koo, habari za vita, hukumu za mapenzi, na mara nyingi humchamba mwenye pesa aliye hapo mbele yake bila kutaja jina.

Na inazimika. Makanisa mengi yaliyoingia Gusii mwanzoni mwa karne iliyopita yaliihusisha na pombe na mila za kale, na muumini mzuri akaiweka darini. Shuleni, wengi wetu tulivalishwa diski kwa kuongea lugha ya nyumbani, sembuse kuimba. Wapigaji waliobaki wengi ni wazee, na wanaitwa pale mwanasiasa anapotaka mapambo: dakika tatu wakati wageni wanaketi, kisha spika inawashwa na mzee anapewa soda. Umeshaiona hiyo. Tumeiona wote, na tulikuwa tukiangalia simu.

Jirani zetu wamekuwa na bahati, au tuseme wamefanya kazi. Nyatiti ilipata mtu kama Ayub Ogada, ambaye wimbo wake Kothbiro uliingia kwenye filamu ya The Constant Gardener mwaka 2005 na kuzunguka dunia. Ikampata hata binti wa Kijapani, Anyango, aliyekuja Kenya kujifunza mpaka akaimudu. Orutu imempata Labdi, mwanadada anayeipiga kwenye majukwaa ya mjini. Obokano nayo ina mshairi Grandmaster Masese, anayeibeba kwenye majukwaa ya Nairobi, na tunampa heko. Lakini mtu mmoja au wawili hawatoshi ala ya taifa zima la Abagusii. Na tuwe wakweli, ukiwauliza vijana kumi pale stendi ya Ikonge, wangapi watamjua?

Sasa ndipo Ukraine inapoingia.

Wao wana bandura na ndugu yake mkubwa kiumri, kobza. Kwa karne kadhaa zilipigwa na waimbaji wa kutembea, wengi wao vipofu, walioitwa makobzari. Walikuwa na vyama vyao, kanuni zao, na wanafunzi waliokaa na mwalimu miaka kabla ya kuruhusiwa kuimba peke yao. Walibeba historia ya watu wasiokuwa na dola, kutoka soko hadi soko. Mshairi mkuu wa Ukraine, Taras Shevchenko, aliyezaliwa mtumwa wa shamba mwaka 1814, alikiita kitabu chake cha 1840 kwa jina lao: Kobzar. Aliishia kukamatwa na kupelekwa uhamishoni kwa miaka kumi, akiwa amepigwa marufuku kuandika na kuchora.

Mwaka 1876 mfalme wa Urusi alitia saini amri iliyozuia vitabu vya Kiukreni kuchapishwa, ikazuia michezo ya kuigiza kwa lugha hiyo, ikazuia hata maneno ya Kiukreni kuandikwa chini ya noti za muziki. Fikiria diski ya shuleni, lakini inayovalishwa taifa zima. Miaka ya 1930, chini ya Stalin, makobzari walisakamwa kama mabaki ya zamani yasiyofaa. Hnat Khotkevych, mpiga bandura na mwandishi aliyefundisha kizazi kizima, alipigwa risasi mwaka 1938. Na jazz? Mwishoni mwa miaka ya 1940 utawala huohuo wa Moscow uliipiga vita kama muziki wa adui. Kwa hivyo ukiweka Ukraine na jazz kwenye bango moja hujachanganya maharagwe na mchele. Ni muziki wa aina mbili uliotakiwa kunyamaza na serikali ile ile.

Wala usidhani hizo ni stori za kale. Mwaka 2022, katika mji wa Kherson uliokuwa mikononi mwa wanajeshi wa Urusi, kondakta Yuriy Kerpatenko aliuawa nyumbani kwake. Wizara ya utamaduni ya Ukraine ilisema alikuwa amekataa kuongoza tamasha ambalo wavamizi walilitaka ili ionekane maisha yamerudi kawaida. Miezi michache kabla ya hapo, Machi 26, wanamuziki wa Kharkiv walikuwa wamepiga tamasha kwenye kituo cha treni cha chini ya ardhi, mbele ya watu waliokuwa wakilala humo kukwepa makombora. Hapo hapakuwa na taa za rangi wala VIP, na waliosikiliza walikuwa wamebeba mablanketi.

Ila jambo ambalo kijana wa Ikonge anapaswa kulitazama kwa karibu ni lingine: vijana wa mjini huko walichofanya na muziki wa bibi zao. DakhaBrakha, kundi lililoundwa Kyiv mwaka 2004, liliingia vijijini kutafuta nyimbo za wazee, likazirudisha mjini na selo, akodioni na ngoma, likavaa makofia marefu meusi, na sasa linajaza kumbi za Ulaya na Marekani. Go_A walichukua wimbo wa kale wa kuita majira ya kuchipua, wakautia midundo ya klabu, wakaibuka wa tano Eurovision mwaka 2021. Mwaka uliofuata Kalush Orchestra wakashinda kabisa, rapu na filimbi ya kienyeji iitwayo sopilka kwenye ngoma moja. Kombe lenyewe wakaliuza kwa dola 900,000 kununulia nchi yao ndege zisizo na rubani. Na Disemba 2024, UNESCO ikaingiza mpango wa Ukraine wa kulinda mila ya kobza na lira ya gurudumu kwenye rejista yake ya mifano bora ya uhifadhi. Wakati wa vita!

Sisi Wakenya tuna isukuti ya Waluhya kwenye orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, tangu 2014. Obokano haimo. Hatuna vita Nyamira. Hakuna mfalme aliyetutilia saini amri. Tunaiua wenyewe kwa kuionea haya.

Tunajua pingamizi zipo, na mbili kati yazo ni nzito.

Ya kwanza: mbona tuwapigie makofi watu ambao Februari na Machi 2022, vita vilipoanza, wanafunzi Waafrika walisukumwa nyuma ya foleni mipakani wakijaribu kukimbia? Ni kweli yalitokea, na Umoja wa Afrika ulitoa taarifa kali Februari 28 ukiyaita ubaguzi. Hatuombi usahau. Tena tungependa mtu asimame kwenye jioni hiyo aulize swali hilo kwa sauti, mbele ya mgeni yeyote kutoka ubalozini, na ajibiwe. Jioni ya utamaduni ambayo haiwezi kustahimili swali moja gumu ni tangazo tu, na matangazo tunayo ya kutosha.

Hii inatuleta kwenye neno "propaganda". Ukraine inatafuta marafiki Afrika, Urusi inatafuta marafiki Afrika, na wote wamegundua kwamba wimbo hupita mlango ambao hotuba hugonga ikachoka. Nenda ukijua hivyo. Kula borshch yao, ile supu ya bitiruti ambayo nayo iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa kulindwa haraka Julai 2022, na uwape chinsaga na obokima ya wimbi waonje pia. Kichwa chako ubaki nacho.

Pingamizi ya pili ni doo. Bonasi ya chai ikishuka, nani ana habari na bandura? Tunaelewa. Lakini tazama Korogocho. Karibu na jaa la Dandora, watoto wa Ghetto Classics, mradi ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge, wamejifunza vinanda vya nyuzi na tarumbeta, na fedha za tamasha la Safaricom Jazz, lililoanza 2014, zilisaidia kuuendesha. Kati yao wamo wanaolipwa kwa kupiga na kufundisha muziki leo. Hakuna aliyengoja Korogocho itajirike kwanza.

Na Katiba haiko upande wa wavivu. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa kaunti kazi ya shughuli za kitamaduni na burudani za umma. Si hisani ya gavana. Tangu ugatuzi uanze 2013, kijana wa Ikonge ana haki ya kuuliza: jukwaa liko wapi? Ukumbi wenye paa, umeme usiokatika na viti ambavyo havijakodishwa kutoka kwa watu wa matanga, uko wapi? Tunawauliza waheshimiwa wa Nyamira hivyo hivyo, kwa adabu, na tutauliza tena. Mwaka 2024 kizazi hiki kilionyesha kwamba kinaweza kuimba barabarani mpaka Mswada wa Fedha ukaondolewa. Kuomba ukumbi ni jambo dogo.

Jioni yenyewe tunaiona hivi, na wewe uko huru kuibadilisha.

Tarehe 30 Aprili ni Siku ya Kimataifa ya Jazz, na mara nyingi shule huwa zimefungwa. Ikiangukia Ijumaa, sahau. Ikonge na vitongoji vyake vina Waadventista wengi, na jua likizama Ijumaa ni Sabato. Isogezwe Jumamosi, jua likishatua. Usijaribu kushindana na kanisa hapa, utapoteza. Afadhali ulialike, maana silaha kubwa ya jioni hii iko kanisani. Vijana wa kwaya za Kiadventista wa huku wanaimba sauti nne bila kinanda tangu wakiwa na umri wa miaka kumi. Wape Shchedryk wiki tatu tu. Ule wimbo wa supamaketi utaimbwa Ikonge vizuri kuliko kwenye spika za duka, tena kwa maneno yake ya mbayuwayu, labda na ubeti mmoja wa Ekegusii mtakaoutunga wenyewe.

Ubalozi wa Ukraine ulioko Nairobi uandikiwe barua ya kuomba mpiga bandura. Akikosekana mtu, ije rekodi nzuri na mtu wa kuieleza. Vijana wawili watatu wa saksafoni watoke Nairobi, walipwe nauli na walale kwa watu, si hotelini, ili asubuhi waamke na chai ya maziwa na stori. Tusisahau mpiga gitaa wa benga kutoka pale pale sokoni, maana yupo, na amekuwa akipiga harusini kwa miaka bila mtu kumwita msanii.

Lakini wa kwanza kupanda jukwaani awe mzee wa obokano. Apewe saa nzima, maikrofoni chini kwenye bakuli la ala ambapo mngurumo unatokea, na malipo sawa na ya mgeni wa mbali. Asikatizwe mheshimiwa akiingia. Baada yake bandura, ili watu wasikie nyuzi nane zikijibiwa na nyuzi zaidi ya 50. Mwisho wa usiku, wote pamoja. Hapo ndipo jazz ina kazi yake, kwa sababu ni muziki uliozoea watu wasiofahamiana kukaa pamoja, kusikilizana, na kila mmoja kupewa zamu. Huenda ikawa fujo. Huenda obokano na saksafoni zikakataana kabisa, mzee akacheka, akawaambia warudi kesho wakiwa wamejifunza kunyamaza. Tungelipa kiingilio kuona hilo pia.

Mtu arekodi. Si kwa simu iliyopasuka kioo. Arekodi vizuri, kila wimbo na jina la aliyeuimba na maana ya maneno. Watu wa Ketebul Music wamekuwa wakifanya kazi hii Nairobi tangu 2007, na kupitia mradi wa Singing Wells wamezunguka Afrika Mashariki wakirekodi muziki wa jadi. Watafuteni mapema. Na anayerekodi amwambie mzee wazi rekodi inaenda wapi na nani atakula pesa zikiingia, kwa maana tangu 2016 nchi hii ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi, na nyimbo za omogaka zisije zikaishia TikTok kama mali ya mtu wa mtaa mwingine.

Kazi ya kwanza, hata hivyo, haihitaji barua ya ubalozi. Wikendi hii ukienda nyumbani, uliza nani katika kitongoji chenu bado ana obokano, na kama ina nyuzi zote nane. Ukimpata, mwambie omogaka kwa heshima kwamba ungependa kumsikiliza, ukae chini, simu mfukoni. Akikubali kuja Ikonge siku hiyo, usimtumie boda boda. Ala hiyo ni kubwa na haipandi pikipiki. Tafuta Probox, laza viti vya nyuma, na uweke blanketi chini.